Jinsi ya kupima mbochi ya ua ili ujue limemwekea nani: chozi, nyuki, nondo au popo

Watu wengi wakiona ua jekundu lenye bomba refu wanasema hili la chozi, yule ndege mdogo wa mdomo mrefu uliopinda, wakiona jeupe linanukia usiku wanasema la nondo, na mara nyingi wanapatia tu, ila rangi na umbo ni mlango wa duka, bidhaa yenyewe iko chini kule ndani kwenye mbochi, yale maji matamu ya ua, wengine mnaita nekta. Nimekuwa napima mbochi za maua ya shambani kwetu Morogoro, chini ya Uluguru, miaka kadhaa sasa, nilianza kwa sababu ya mizinga yangu ya nyuki nikajikuta nimehamia kwa ndege na popo, na kitu ninachotaka ukishike ni hiki: mmea unatoa sukari kwa gharama yake, na kiasi cha maji, aina ya sukari na vile vitu vidogo vidogo vilivyochanganywa humo vinakwambia unamsubiri nani. Unaweza kusoma hivyo vitu mwenyewe nyumbani, hauhitaji maabara ya chuo.

Vifaa kwanza. Kikubwa ni rifraktomita ya mkononi, kale kabomba ka kupimia sukari unakachungulia kwa jicho moja ukielekeza kwenye mwanga. Hapa naomba uwe makini sana kwa sababu mimi hela yangu ya kwanza ilipotelea hapa, muuzaji alinihakikishia kwamba hii ni ya asali, na mbochi si ndio asali changa, itafaa, nikanunua, nimefika nyumbani naweka tone la mshubiri naona bluu tupu, nasafisha naweka tena, bluu tupu. Kumbe ya asali inaanza kusoma kwenye 58 hadi 90 hivi, na mbochi karibu zote ziko chini ya hapo. Unayotaka ni ya 0 hadi 32 Brix kwa maua ya ndege, nondo na popo, na ukipata nafasi uongeze ya 0 hadi 80 kwa maua ya nyuki maana hayo yanaweza kupita 32 kirahisi. Brix 20 maana yake ni gramu 20 za sukari ndani ya gramu 100 za ule mchanganyiko wote, sio ndani ya mililita 100, usichanganye. Hakikisha imeandikwa ATC, yaani inajirekebisha yenyewe kwa joto, maana jua letu sio la mchezo.

Cha pili ni zile tyubu nyembamba za kioo za kuvutia damu, za kapilari, zinapatikana maduka ya vifaa vya maabara na hospitali. Kuna zenye mstari mwekundu na zenye mstari wa bluu, chukua za bluu, nyekundu zina dawa ndani ya kuzuia damu isigande na wewe hauitaki kwenye mbochi yako. Uzuri wa hizi tyubu ni kwamba ina urefu wa milimita 75 na inabeba kama maikrolita 75, kwa hiyo kila milimita moja ya mbochi ni kama maikrolita moja, unapima kwa rula ya mtoto wa shule na umemaliza.

Vingine ni sirinji ya insulini ya yuniti 100, stripu za kupimia sukari kwenye mkojo, hamira ya kawaida, maji ya betri yale safi yasiyo na asidi au maji ya kudungia, na kitambaa cha shela. Shela ni ya kufunika maua. Tafadhali usitumie chandarua cha kugawiwa, kina dawa, utaua nyuki na vidudu vingine halafu ukae unajiuliza mbona leo hawaji.

Kabla ya kugusa ua lolote jaribu kifaa chako. Weka tone la maji safi, ule mstari kati ya bluu na nyeupe ukae kwenye sifuri, kama haukai kuna skrubu ndogo unairekebisha. Alafu pima gramu 20 za sukari ya dukani, weka na gramu 80 za maji, koroga mpaka iyeyuke yote, ikisoma 20 uko sawa. Ukiruka hatua hii namba zako zote zitakuwa za mashaka.

Sasa kazi. Jioni kabla ya magharibi chagua maua ambayo bado ni vichomozo vinavyokaribia kufunguka, yafunike na shela, funga na uzi usibane shina. Kesho yake kuanzia saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 2 unakuta ua limefunguka na mbochi yake yote ipo, hakuna aliyeionja. Ukichukua ua la wazi tu saa 7 mchana unapima mabaki, na sio mabaki tu, jua limeshakausha maji kwa hiyo namba inapanda, na mvua ikinyesha inashuka. Kwa hiyo kila kipimo kiandikie saa na hali ya hewa. Pia kagua kama ua limetobolewa kwa chini, chozi wakati mwingine akiona bomba ni refu anatoboa pembeni anakunywa bila kugusa chavua, na yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za dari naye ana tabia hiyo hiyo.

Nianze na mshubiri maana ni rahisi na upo kila kona. Chomoa ua moja kwa upole, likitoka vizuri utaona tone linang'aa kwenye kitako chake kabla haujafanya chochote. Shika ua liwe mdomo chini, kitako juu, gusisha tyubu pembeni ya tone kwa mshazari na mbochi inapanda yenyewe, haunyonyi kwa mdomo, haubonyezi. Hapo angalia sana yale maji ya njano machungu ya mmea yasiingie, ukilikwaruza ua kwa kucha yanatoka na yataharibu kipimo, nimetupa tyubu nyingi kwa sababu hiyo. Pima urefu kwa rula, andika, alafu puliza taratibu tone liangukie kwenye kioo cha rifraktomita, funika, chungulia, andika. Futa kwa maji safi na kitambaa laini kabla ya ua linalofuata. Pima maua kumi angalau kutoka mimea tofauti, ua moja halikwambii kitu.

Ukitaka kujua ua lina sukari kiasi gani kwa uzito, zidisha maikrolita kwa Brix gawa kwa 100, alafu ongeza kidogo kwa sababu maji ya sukari ni mazito kuliko maji matupu. Mfano maikrolita 10 za Brix 20 ni kama miligramu 2 na kidogo. Ni kidogo sana eeh, lakini kwa chozi anayetembelea mamia ya maua kwa siku hiyo ndiyo posho yake. Kenya miaka ya 1970 watafiti Gill na Wolf walimfuatilia chozi wa aina moja, mwenye mabawa ya dhahabu, anayelinda eneo lake la maua ya Leonotis, yale ya rangi ya machungwa yanayokaa mipira mipira kwenye shina, wakakuta maeneo yanatofautiana sana kwa ukubwa ila kila ndege analinda kama maua 1,600, yaani yale yanayomtosha kwa siku. Ndege anajua hesabu ya mbochi kuliko sisi na rula zetu.

Haya umepata namba, inasema nini? Ikiwa kati ya 15 na 25 na ujazo wa maikrolita 10 hadi 30 kwa ua lenye bomba refu jembamba, mfikirie chozi. Ikiwa nyepesi zaidi, kama 8 hadi 12, na ni nyingi, maikrolita 40 hadi 100, ua fupi lililo wazi, hapo ua linasubiri ndege wa mchanganyiko ambao mbochi sio kazi yao ya kila siku, kina shorewanda na kwenzi, na mwenye mdomo mfupi anaifikia. Zikipanda 35 kwenda juu mfikirie nyuki. Ua la pesheni kwa mfano mara nyingi utalikuta 40 na zaidi na limejaa, na anayelifanyia kazi vizuri ni yule yule nyuki mkubwa mweusi, mgongo wake unafika kwenye chavua, nyuki wa asali ni mdogo anapita chini anakula bure anaondoka.

Kwanini nyuki anataka nzito? Chukua upande wa mfugaji. Asali iliyoiva ina maji kama asilimia 18, kwa hiyo gramu 100 za mbochi ya Brix 20 zikikaushwa zinatoa kama gramu 24 tu za asali, ila gramu 100 za Brix 50 zinatoa kama 61. Maji yote yale ya ziada nyuki ameyabeba hewani, kayaleta mzingani, kakesha anapepea mabawa kuyakausha. Ndege yeye anameza anamaliza hapo hapo, na mbochi nzito kama sharubati inapanda polepole kwenye ulimi mrefu mwembamba, kwa hiyo nyepesi inamfaa na pia inamkatisha tamaa nyuki asiimalize.

Lakini usiifanye hiyo kuwa sheria. Afrika Kusini kuna mshubiri, Aloe greatheadii, mbochi yake iko karibu asilimia 20, kwa kanuni ni ya ndege, ila wafugaji kule wanahamisha mizinga kuifuata msimu wa baridi kwa sababu inachanua wakati vitu vingine vimekauka na nyuki wanajaza. Nyuki mwenye njaa hachagui. Namba inakupa dhana, kukaa na kuangalia ndiko kunakupa jibu, ntarudi hapo.

Sasa sehemu ninayoipenda mimi, aina ya sukari. Mbochi ina sukari kuu tatu: sukrosi, ambayo ndiyo hii ya kwenye chai, na glukosi na fruktosi ambazo ni kama sukrosi iliyokatwa katikati. Rifraktomita haizitofautishi, yenyewe inaona utamu wote kwa jumla. Ila stripu ya mkojo inaona glukosi tu, sukrosi haiioni kabisa, na hapo ndipo tunapopata njia ya bei rahisi.

Fanya hivi. Kwa sirinji ya insulini yuniti moja ni maikrolita 10. Chukua yuniti 1 ya mbochi na yuniti 19 za maji safi, changanya kwenye kifuniko safi cha chupa. Ni lazima uizimue kwa sababu stripu zinaishia kama gramu 2 kwa mililita 100, ukiweka mbochi kavu kavu rangi inafika mwisho na haujajua lolote. Tia matone kwenye kile kiboksi cha glukosi, subiri sekunde zilizoandikwa kwenye kopo, linganisha rangi. Alafu hatua ya pili, hamira kijiko cha chai kwenye nusu kikombe cha maji vuguvugu, iache itulie nusu saa, chukua maji ya juu yaliyo maangavu. Haya yana kimeng'enya cha kukata sukrosi vipande viwili. Changanya sawa kwa sawa na ile mbochi uliyoizimua, subiri dakika 15, tia kwenye stripu mpya. Kumbuka umeizimua mara mbili zaidi, kwa hiyo kama mwanzo ilisoma 500 (miligramu kwa mililita 100) sasa ingetakiwa kusoma 250 endapo hakuna sukrosi. Ikisoma juu ya hapo, hiyo ziada imetoka kwenye sukrosi iliyokatwa. Na kama mwanzo haikuonyesha rangi kabisa alafu baada ya hamira imewaka, umepata ua la sukrosi karibu tupu.

Usisahau majaribio ya kulinganisha, pima maji ya hamira peke yake yasionyeshe glukosi, na pima sukari ya dukani iliyozimuliwa uone inakuwa sifuri kabla na inawaka baada. Na ifanye mbochi ikiwa bichi, maana ua likitembelewa tu linaingia hamira zake za porini, zinaletwa na midomo ya wageni, na zinakula na kubadilisha sukari, jioni unapima kitu kingine kabisa.

Mshubiri ukiupima hivi kwa kawaida stripu inawaka tangu mwanzo, glukosi na fruktosi ndizo nyingi, sukrosi kidogo sana. Na hapa ndipo kwenzi anapoingia. Kwenzi na jamaa zake, pamoja na kina mkesha, hawana kile kimeng'enya cha kukata sukrosi tumboni, kwa hiyo ukimpa maji ya sukari ya dukani hayamnufaishi, yanavuta maji utumboni anaharisha na baadaye anayakwepa. Chozi hana shida hiyo, yeye anakata sukrosi vizuri kabisa. Kwa hiyo mbochi ya glukosi na fruktosi inafungua mlango kwa wote, yenye sukrosi nyingi inachuja. Hata kwenye jamii moja ya miti unaona, mwambangoma na ndugu zake wa dunia ya kale, yaani Afrika na Asia, wanaotembelewa na ndege kama wetu wana mbochi yenye sukrosi kidogo, ila ndugu zao wa Amerika wanaotembelewa na wale ndege wadogo wanaoelea hewani wana sukrosi nyingi. Ukoo mmoja, wateja tofauti, menyu tofauti.

Kwa upande mwingine maua ya nondo wenye ulimi mrefu na ya nyuki wenye ulimi mrefu huwa na sukrosi nyingi, ya nyuki wenye ulimi mfupi na nzi huwa na glukosi na fruktosi, alizeti ni mfano mzuri wa hili la pili. Popo hapa haina kanuni moja, usimhukumu popo kwa aina ya sukari, mhukumu kwa wingi na wepesi wa mbochi na saa ya kufunguka.

Kuna vitu stripu na rifraktomita hazitakuonyesha ila ni vizuri ujue vipo. Asidi amino, ambazo huwa nyingi zaidi kwenye maua ya vipepeo na nzi, na nyuki naye anapenda moja inaitwa prolini, anaitumia kwenye kuruka. Kafeini, hii watu wa Bukoba ifuatilieni: mbochi ya ua la kahawa ina kafeini, hata ya michungwa inayo, na mwaka 2013 mtafiti Geraldine Wright na wenzake walionyesha kwamba nyuki waliofundishwa harufu ya ua kwa sukari yenye kafeini kidogo waliikumbuka baada ya saa 24 mara tatu zaidi ya waliopewa sukari tupu. Kafeini yenyewe ni kidogo, haifiki kiwango cha nyuki kuhisi uchungu, ila kumbukumbu inabaki na anarudi. Na robusta ndiyo inahitaji kurudiwa, haijichavushi yenyewe kama arabika. Na kuna uchungu wa makusudi, Afrika Kusini tena kuna Aloe vryheidensis mbochi yake ni nyeusi nyeusi na chungu, nyuki na chozi wanaikataa, shorewanda anavumilia, na ndiye anayeuchavusha vizuri.

Kwa hiyo usionje ovyo. Najua tumekua tunanyonya maua, mimi pia, ila oleanda, yale matarumbeta makubwa yanayoning'inia, na kila kitu cha jamii ya mnyaa, usiweke mdomoni na utomvu usikufike machoni.

Mpapai ni somo lake peke yake. Ukipima ua la mpapai jike utapata sifuri, kifaa hakijaharibika, ua jike halina mbochi. La dume linayo, na jike linafanana nalo vya kutosha kumdanganya nondo anayepita kwa haraka wakati wa magharibi, mtafiti Dino Martins alilifuatilia hili Bonde la Kerio kule Kenya, akakuta mashamba yaliyo karibu na pori zuri yanapata nondo wengi zaidi. Kwa hiyo ukikata madume yote kwa sababu hayazai, na vichaka vya jirani navyo ukafyeka, umemwondolea nondo sababu ya kuja.

Sasa ile ahadi ya kukaa na kuangalia. Chukua kiti, kaa mita tano au zaidi, dakika 20, usitembee tembee, simu weka kimya. Andika kila mgeni, ila pia andika amegusa wapi: je kichwa au mgongo umegusa chavua, na je kwenye ua linalofuata sehemu hiyo hiyo imegusa unyanya, ile ncha ya kike ya ua inayopokea chavua. Anayekunywa sio lazima awe ndiye anayechavusha. Rudia asubuhi, mchana na magharibi. Kama namba zako zinasema chozi na macho yako yanasema chozi, andika chozi. Zikipingana amini macho lakini rudi siku nyingine kabla haujaandika.

Kwa mbuyu ratiba inageuka. Ua linafunguka magharibi, jeupe, kubwa, limeelekea chini, na harufu yake ni kama kitu kilichochacha. Hapo shela unaifunga alasiri kwenye kichomozo kinachokaribia, chagua tawi unalofikia bila kupanda juu sana, na unapima saa 2 usiku, tochi ifunike na karatasi jekundu la plastiki ili usifukuze wageni. Usitumie kipimo cha asubuhi, asubuhi ua limeshaanza kuwa kahawia na nyuki waliojaa pale wanaokota makombo. Ila asubuhi pita chini ya mti uokote petali zilizoanguka uziangalie karibu, ukikuta mikwaruzo ya kucha, mistari miembamba iliyogeuka kahawia, popo alikuja na alikaa juu ya hilo ua.